Ruhusa ya Kutoka Uwanjani

Bukoba, 18 Machi 1979

Mjomba Eliufoo,

Shikamoo. Natumaini hujambo, wewe na wachezaji wako, na kwamba mvua imeanza huko Mwika. Mimi ni mzima, ila si mzima wote. Bomu lililotegwa ardhini kule vitani lilinivunja mguu wa kulia, na madaktari wamekata juu ya goti.

Usimwambie Mama. Hilo nakuomba kwanza.

Nikilala hapa hospitali nakukumbuka. Siku ile niliyomtukana refa kule Masama ulinitoa mchezoni, na tuliporudi ukanizungusha uwanja mara tatu mvuani. Wewe mwenyewe ukakimbia kando yangu na makubazi ya tairi, ukihema. Ulisema mchezaji akikosa, kocha wake naye amekosa. Makocha wengine waliwaita vijana wao mbwa. Wewe ulituita bwana Anaeli, bwana Yakobo, na sisi hata viatu hatuna.

Sheria yako naikumbuka pia: hakuna kuondoka uwanjani mpaka mtu aje mbele yako, akupe mkono, aombe ruhusa, nawe ujibu, "Ruhusa, bwana." Basi naomba ruhusa, Mjomba. Sirudi Mwika. Nitatafuta kazi huku, kwa watu ambao hawakuwahi kuniona nikikimbia.

Mpwa wako,
Anaeli


Mwika, 9 Aprili 1979

Mpwa wangu Anaeli,

Marahaba. Sisi tu wazima, ila sabuni haipatikani na jezi zinanuka. Barua yako niliisomea kihambani, katikati ya migomba, ili mama yako asinione nikilia. Nililia sana.

Ruhusa nimekunyima. Haiombwi kwa karatasi, na unajua. Njoo kwa magongo, njoo umebebwa, usimame mbele yangu, ndipo nitakujibu. Watoto wa timu ndogo hawana kocha, na macho yako hayajakatwa.

Habari ya mguu ni yako, kwa hiyo sitaisema. Lakini dada yangu ananiuliza juu yako kila tukitoka kanisani, na mimi si hodari wa kudanganya. Usinicheleweshee sana.

Mjomba wako,
Eliufoo


Mwanza, 2 Septemba 1979

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Afya inarudi, na nimepata kazi hapa Mwanza ya kushona viatu. Wenzangu wananitania kwamba mimi wangeniuzia kwa nusu bei, maana nahitaji kiatu kimoja tu.

Umenishinda. Nitafika Jumamosi tarehe 15, saa za mazoezi. Mwambie Mama apike machalari, zile ndizi zake za nyama. Nikishakupa mkono, tutakwenda wote nyumbani, nimwambie mwenyewe.

Mpwa wako,
Anaeli


Mwika, 24 Septemba 1979

Anaeli,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila tumeumia.

Mama yako alipika tangu asubuhi, akafagia uani mpaka barabarani. Jioni Magdalena, yule anayeuza ndizi pale juu ya uwanja, akaniambia alimwona mtu wa magongo akishuka basini. Wakati huo nilikuwa nakimbia na Yakobo, aliyechelewa mazoezi. Mtu yule alitutazama mpaka tukamaliza, kisha akapanda basi lililokuwa linarudi Moshi.

Umeondoka bila ruhusa. Adhabu yake unaijua, mizunguko mitatu. Ya kwangu nimeshaikimbia peke yangu, baada ya ibada, watu wakidhani nimerukwa na akili. Yako inakungoja. Wengine watakuonea huruma, mimi sitakuonea, maana ungekuwa na miguu miwili nisingekuonea. Tutaitembea pamoja, hata kama giza litatukuta.

Mama yako nimemwambia ulinyimwa likizo. Machalari alimpa jirani.

Mjomba wako,
Eliufoo


Mwika, 7 Juni 1981

Mpwa wangu Anaeli,

Hujambo? Sijui kama barua zangu zinakufikia. Niliandika Krismasi zote mbili, na mama yako alipolazwa nikapiga simu ya maandishi.

Tumemzika Alhamisi, kihambani, karibu na masale yaliyopandwa kaburini kwa babu yako. Kilikuwa kifua, tangu Pasaka. Siku ya mwisho aliniuliza, "Anaeli bado anacheza mpira huko jeshini?" Nikamwambia anacheza, winga ya kulia, namba saba ile ile. Akauliza kama nilikuwa nakukaripia mno ulipokuwa kwangu. Nikasema hapana. Akasema, "Basi kwa nini haji?"

Siri yako niliitunza mpaka mwisho. Ulikuwa umeniomba kama mtu mzima, nami nikakuheshimu. Nikilala sasa namwona akifagia njia ile.

Timu nimemwachia Yakobo, maana magoti yangu yamekataa. Leo baada ya ibada nilishuka uwanjani, nikasimama pale mlipokuwa mnanikuta, nikanyoosha mkono. Nilikaa nao hivyo mpaka ukachoka.

Nyumba ya mama yako tumeifunga. Sina tena sababu ya kukuzuia.

Ruhusa, bwana Anaeli.

Mjomba wako,
Eliufoo