Tundu la Upande wa Boma

Alhamisi, Februari 2007

Bado sijui kama nilifanya vizuri.

AC ya ukutani kwa yule mzee wa Kitengela inapoesha chumba, lakini hewa inazunguka ile ile, nzito, ya mgonjwa. Daktari amekataza madirisha yasifunguliwe kwa sababu ya vumbi. Kwa hivyo kijana wake aliniita niiongezee kifaa cha kuvuta hewa safi na kutoa ile iliyochoka bila kupoteza ubaridi.

Nilitaka kutoboa ukuta upande wa barabara, ni rahisi. Mke wa mzee akakataa. "Toboa huku kwa boma la ng'ombe. Ile nyumba ya udongo nilimjengea mzee nikiolewa, nilimwachia katundu hapo kwa kitanda, awe akisikia ng'ombe."

Nikatoboa. Upepo ukaingia na harufu ya samadi, na kengele za ng'ombe zikirudi. Mzee hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Akageuza uso kwa ukuta, akaanza kuwataja ng'ombe wake kwa Kimaasai, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Mama akakaa chini kabisa.

Halafu nikaweka kifaa, nikabana filta, nikawasha. Kazi safi. Hewa ikaingia bila vumbi, bila harufu, na mngurumo wake ukafunika zile kengele.

Mzee akaacha kuwataja. Baadaye akauliza, "Ng'ombe zimeenda wapi?"

Mama hakuniangalia. Alimfunika miguu. "Zimeenda maji."

Daktari ako sawa, najua. Lakini nilipotoka ng'ombe zilikuwa hapo hapo mlangoni, na ilibidi nizisukume ndio nipite.