Nilikubali Kaburini Kwamba Halikuwa Goli

Isevya, Tabora
9 Septemba 1957

Kwako Bi Kuluthumu, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako, karani wa tiketi za treni hapa Tabora, nina mke na watoto wawili, na ninakuomba unisaidie upesi kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tunamaliza matanga ya baba yangu na mama yangu mzazi amesema hatakanyaga, na sababu yake, Bi Kuluthumu, tafadhali usicheke, ni goli lililofungwa Uingereza miaka minane iliyopita.

Baba yangu, marehemu Anton, alikuwa mpishi wa Wazungu kwa miaka ishirini, Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni lakini kilimtosha, na jioni ile ya kombe la Uingereza alikuwa amekaa kwa jirani yetu fundi cherehani mwenye redio ya betri, yeye na rafiki yake Mzee Mahona, mpiga bendera wa reli aliyestaafu, na watu wengine kama ishirini, redio ikakoroma, zikasikika kelele za watu, halafu likatangazwa goli, basi, hatukuelewa zaidi. Wiki tano baadaye likafika gazeti lenye picha, na kwa kuwa katika picha timu moja inaonekana na fulana nyeusi na nyingine nyeupe, na rangi zao za kweli hatukuzijua, tukawaita Weusi na Weupe mpaka leo. Picha ilimwonyesha golikipa wa Weupe amekumbatia mpira kifuani, mshambuliaji wa Weusi amempiga kikumbo cha bega, wote wawili wamo wavuni pamoja na mpira, na refa anaonyesha mkono katikati ya uwanja.

Baba akasema hilo ni goli halali, sheria ya Waingereza inaruhusu bega, na refa akishapuliza amepuliza. Mzee Mahona, ambaye baba yake alikuwa mpagazi aliyebeba pembe mara nne hadi Bagamoyo, akasema mtu mwenye mzigo mikononi hasukumwi, hiyo ndiyo sheria ya njia tangu enzi za misafara, na refa naye ni mtu, hukumu ya Bwana Shauri wa bomani yenyewe hukatiwa rufaa sembuse ya mwenye filimbi. Wakabishana siku hiyo, wakabishana mwaka huo, mtaa ukagawanyika pande mbili, na hata meneja wa Weupe alipofukuzwa kazi wakabishana upya, baba akisema amestahili kwa kuwa hakumfundisha golikipa wake kusimama imara, Mzee Mahona akisema nyampara hapigwi kwa mzigo alioangusha mpagazi, na akasusa kahawa siku nzima kwa majonzi, ndipo baba akampelekea kuku wa rambirambi, wakamla pamoja, huku wanabishana.

Ikafika mahali wakaanza kuitana watani. Ukiwa wa Weusi unamvua wa Weupe kofia njiani na hana ruhusa ya kukasirika, na wake zao hivyo hivyo, ingawa sisi sote ni Wanyamwezi na hakuna utani wa asili baina yetu, waliutunga wenyewe kwenye kahawa.

Baba alifariki mwezi wa saba kwa homa ya mapafu. Tulipofika makaburini na jeneza, tukamkuta Mzee Mahona amelala chali ndani ya kaburi, na koti lake la reli, mikono kifuani, kama watani wanavyofanya. Akasema hatoki mpaka nyumba ya Anton ikubali kwamba lile halikuwa goli. Watu walicheka, Bi Kuluthumu, mama yangu aliyekuwa amelia siku mbili akacheka mpaka akashikwa mikono, baba yangu mdogo Kornel akampa jogoo, Mzee Mahona akakataa, akapewa kitenge, akakataa, akasema yeye hataki mali, anataka neno. Jua lilikuwa kali, Padre alikuwa na safari ya treni ya mchana, waliobeba jeneza walikuwa wanabadilishana mabega, na mimi mtoto mkubwa wote wakanitazama, nikainama nikasema, "Halikuwa goli, mzee. Toka tumzike baba."

Kicheko kikakatika. Nilidhani Mzee Mahona atarukaruka kwa furaha, lakini alinitazama tu, akatoka polepole, akajikung'uta udongo, akaenda zake hata bila kutupa udongo wake kaburini. Tangu siku ile hajaonekana kwenye kahawa. Na mama hajasema nami neno. Alikaa wiki moja akipitisha maneno kwa mke wangu Josepha, "mwambie mume wako golikipa alikuwa ameshavuka mstari kwa mguu wake mwenyewe kabla ya kuguswa bega," "mwambie mume wako refa alikuwa hatua sita tu," halafu akafunga mzigo wake akaenda Igalula kwa kaka yake, mjane ambaye matanga hayajaisha, aibu gani hii, watu wanatuuliza kila siku. Salamu alizoleta ni hizi, kwamba mwanaume aliyemkana baba yake mbele ya kaburi hawezi kumpikia matanga.

Baba mdogo Kornel anasema ule haukuwa utani bali uhuni wa wazee, kwa hiyo neno nililosema halina kinga ya utani, ni ushahidi kamili, na ananitaka Jumamosi nisimame mbele ya watu nilifute na Mzee Mahona afukuzwe akija.

Sasa naungama kwako jambo ambalo hata Josepha hajui. Mimi naamini kweli halikuwa goli. Niliamini tangu siku ile nilipoiona picha, nikiwa kijana, na kwa miaka minane nilikaa upande wa Weusi nikitikisa kichwa kwa kumridhisha baba tu, na pale kaburini nilipotamka nilihisi nimetua mzigo, na hiyo ndiyo inayonitesa, kwamba baba analala pale na mimi nilihisi nafuu. Nikifuta neno nitakuwa mwongo mbele ya watu wote, nisipofuta nimempoteza mama. Nifanye nini, Bi Kuluthumu? Sina usingizi, na juzi nimemkatia abiria wa Igalula tiketi ya Kigoma.

Ndimi mtiifu wako,
Alois wa marehemu Anton

JIBU LA BI KULUTHUMU

Marahaba, Alois, na pole sana kwa msiba. Pole hiyo ni ya kweli, ishike, kwa sababu sasa nakugombeza. Mimi ni Mzaramo, babu zako walipita kwetu na pembe zao wakatumalizia maji ya visima, kwa hiyo nina haki ya kukutukana bila kuomba radhi, na baba yako mdogo Kornel akiuliza haki hiyo nilipewa na serikali gani, mwambie sikupewa na mtu. Wazee wetu waligombana njiani, wakalala njaa pamoja, wakazikana, mwisho wakachoka kuchukiana. Utani ulizaliwa hivyo. Baba yako na Mzee Mahona wamegombana miaka minane na kula kuku wa msiba wa meneja wasiyemjua. Kama huo si utani, basi hata wetu tuufute.

Lakini wewe, mtoto wa watu, nani alikufundisha kumpa mtani kile anachokiomba? Mtani akilala kaburini huwa anavutwa miguu! Anatolewa akitukana, anatupa udongo wake, anachukua jogoo, anakula. Mzee Mahona alikataa jogoo, akakataa kitenge, akaomba neno moja ambalo kwa miaka minane hakulipata, na aliliomba kwa sababu alijua hatapewa. Alikuwa anangoja mumkatalie kwa sauti ya Anton. Ungemwambia "goli, na utalala humo na mende," angelia kwa raha. Wewe ukampa. Ukatazama saa ya Padre, ukampa. Ndiyo maana alitoka kimya. Amemzika rafiki yake mara mbili siku moja, mara ya pili umemzika wewe.

Na mama yako ni hivyo hivyo. Alicheka kwa kuwa mumewe alikuwa bado anabishana. Ulipoinama na kusema, ndipo mumewe akafa. Haya, usilie, nasema ili uelewe, maana umeniandikia karatasi nne na hukuliona hilo hata kidogo.

Sasa tuje kwenye dhambi yako kubwa. Unaamini halikuwa goli. Basi amini. Hata mimi nikisoma barua yako naona mtu kashika mpira wake kwa amani, kaparamiwa na dubwana, na refa kachekelea. Sikuambii uifute imani yako, na nafuu uliyoisikia si dhambi, ni nafuu ya mtu aliyenyamaza tangu ujana wake. Kosa lako ni moja. Uliulizwa neno la nyumba ya Anton, ukatoa neno la Alois. Baba yako alisema goli, amekufa akisema goli, na neno la marehemu halibadilishwi na mwanawe kwa sababu jua ni kali.

Kwa hiyo hutafuta chochote, na hutamfukuza Mzee Mahona, na Kornel atakuwa kimya kwa mara moja. Jumamosi utasimama mbele ya watu utasema, "Neno la baba yangu ni goli, na litabaki goli. Nililosema kaburini lilikuwa langu." Maneno hayo yanatosha. Usianze kueleza picha, usitaje bega, usitafute kueleweka. Watakuzomea Weusi, na utajikuta umehamia Weupe ukubwani kwako, vumilia.

Lakini Jumamosi bado, na mama yako yuko Igalula, na hapo ndipo nilipokushangaa kabisa. Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako kwamba anakuletea ujumbe wa mguu wa golikipa na wa hatua sita za refa. Alois! Ujumbe huo unadhani ni matusi? Huyo mama amesikiliza ubishi ule miaka minane akiwa anachoma mihogo nyuma ya ukuta, na hakuna aliyewahi kumwuliza naye anaonaje. Hoja zote za baba yako anazo. Pengine nusu yazo alizitunga yeye, akampa mumewe usiku aje kujigamba nazo kwenye kahawa asubuhi; nimeolewa, najua.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Nenda kwa Mzee Mahona, umwamkie, umwombe radhi kwa kumnyima utani wake, kwa maneno machache, asije akalia mbele yako akaona haya. Umwambie mjane wa Anton yuko Igalula na anasema golikipa alivuka mstari mwenyewe. Usimwambie zaidi. Ukiona amenyanyuka kutafuta koti lake, umepata.

Mchukue kwa treni ya asubuhi, yeye na mkewe, na Josepha awe pamoja nanyi, maana mjane hatembelewi na mwanaume peke yake hata akiwa mzee wa bendera, na mfike mchana watu wakiwaona. Peleka unga na sukari, usiende mikono mitupu kwa mjomba wako. Wewe salimu, mwombe mama yako msamaha kwamba ulimsemea baba yako neno ambalo si lake, umwambie na ukweli wako ule ule ulioniambia mimi, kwamba wewe unaona halikuwa goli. Atakasirika. Atakasirika vizuri, kama mtu anavyomkasirikia mwanawe aliye hai, si kama sasa.

Kisha utoke nje. Mwache Mzee Mahona aseme lake, kwamba mtu mwenye mzigo hasukumwi, na asimame hapo angoje kujibiwa. Amengoja tangu mwezi wa saba. Mama yako naye amekaa kimya tangu mwezi wa saba na majibu yote anayo mdomoni. Sauti yake ikianza kupanda, na itapanda, usiingie kuwaamua. Rudi mjini ukatafute mchele wa matanga, na usipungue, kwa sababu mjane wa Anton atakuja Jumamosi, na atakuja mapema, apate mahali pa kukaa karibu na Mzee Mahona.