Mashimo Yanayomfuata Zuhura

Baba Zuhura,

Nakusalimu kutoka huku Songea, Bombambili. Mimi mwili mzima, moyo tu haujatulia. Kifua chako kimepoa? Mama mkwe naye, miguu inamfikisha uani? Saidi ameshapalilia mihogo, au bado anazurura barabarani hapo Nakapanya? Mdogo wangu Mwajuma amejifungua salama? Mwenzio Shabani ameota meno mawili, ananing'ata mimi mke wake.

Unajua nilikuja kumlea huyu mjukuu ili Zuhura afanye kazi yake ya chuo. Sasa kazi yenyewe ni kupima nyumba kuukuu za mjini, za tangu Mjerumani, kabla matajiri hawajazibomoa wajenge maduka ya mitumba. Anasema zikitunzwa, wageni watakuja kuzitazama na mji utapata chochote. Anavuta futi, anapiga picha, anaweka alama ya chaki ukutani. Basi.

Lakini watu wanasema anatafuta rupia alizofukia Mjerumani. Kila anapoweka chaki, kesho yake tunakuta shimo. Mzee mmoja aliyetukaribisha vizuri, wamemchimbia sebule mpaka ukuta umelala. Sasa akituona anafunga mlango.

Nikimwambia Zuhura tuondoke, anacheka: "Mama, hata hayo mashimo nitayaandika. Imebaki nyumba moja tu."

Juzi wanaume wawili walinikuta nachambua mchicha. Wakaniamkia vizuri, shikamoo mama. "Mwambie dada atuonyeshe sehemu, tutagawana." Nikasema, wanangu, yeye anatafuta historia. "Historia gani inapimwa kwa futi?" Wakacheka sana. Halafu mmoja akamshika Shabani kidole: "Huyu ndiye wa kwanza kwa mama yake?" Na mimi na ujinga wangu nikajibu ndiyo.

Baba Zuhura, si unajua wanavyosema, mali ile haitoki mpaka itolewe damu ya mtoto wa kwanza? Leo asubuhi nafagia, nikakuta alama ya chaki chini ya dirisha la chumba anacholala Shabani. Nikamuuliza Zuhura. Si yake. Safari hii hakucheka, lakini ile nyumba iliyobaki hataki kuiacha.

Mimi hanisikii. Wewe anakuogopa. Mwandikie aje nyumbani, hata useme unaumwa, uongo huo nitaubeba mimi. Mama mkwe msalimie, lakini haya usimsomee. Dereva wa lori aliyekupa barua hii anageuza kesho kuja Songea. Tafadhali asiondoke bila jibu lako.

Naandika nimemfunga Shabani mgongoni. Simweki chini.

Mkeo,
Mama Zuhura