Niliandika "Mama"

Jumanne, jioni

Neno moja tu, na nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Fomu ya bima iliuliza uhusiano wangu na abiria aliyevunjika mguu, siku nilipoanguka naye kwenye mteremko wa Kibeta. Nikajaza: mama. Sasa ningeandika nini? Ni mtu mzima, nampeleka kanisani kila Jumapili kwa bodaboda yangu, na sijawahi kumwita vingine.

Leo dada wa ofisi ya bima kanirudishia fomu. "Kaka, ndugu wa mwenye bima hatumlipi."

Nikamwambia si mama yangu wa kunizaa.

"Basi umeandika uongo. Na fomu yenye uongo hatuilipi."

Miaka yote hii stika yangu ya bima haijawahi kuisha muda hata siku moja. Kumbe nilikuwa nakata bima ili trafiki wasinisumbue, basi. Kukata rufaa, sijui hata nianzie...

Nikapita hospitali kumweleza mama, nikashindwa. Nesi akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa.

Yeye kitandani akawahi kujibu, "Huyo ni mwanangu."