Mama na kaburi ya Bagamoyo

Bénie, nasikia haya ya kufa!! Niko Bagamoyo na mama, tulikuya kutembelea yale makaburi ya zamani karibu na bahari.

Guide anaeleza, batouriste banapiga picha. Nageuka: mama iko chini, magoti mu udongo, anang'oa majani ku kaburi!

Guide akapiga kelele: "Mama, hapana kugusa!"

Mama: "Leo ni premier août, tarehe moja mwezi wa nane, kwetu siku ya kusafisha makaburi ya bazazi. Batoto ya huyu mutu beko wapi?"

BATOTO, Bénie! Huyu mutu alikufa mbele hata muji yetu ya Butembo ianze!

Nikamuvuta mukono. Akakatala.

"Kaburi ya baba yako iko Eringeti, vita ilitukatalia kufika. Acha nipalilie hata huyu."

Guide akapeleka batouriste mbele, akatuacha.

Nakuandikia na mukono moja tu. Ule mwingine umejaa majani.