Dumu la Urwarwa Ambalo Hakuna Aliyeligusa

Jumatatu. Rasharasha tangu alfajiri, ziwa halionekani, na mimi nina aibu ya mtu mzima.

Huu ni mwezi wa tano tangu tutoke Mbagala, Dar es Salaam, kuja hapa Kizuka. Wazazi wangu walikimbia Burundi nikiwa mgongoni. Nimerudi na mvi, mke, mabinti wawili na Kirundi cha mtoto wa chekechea, kulima michikichi ya marehemu baba. Kuipanda siwezi. Naitazama tu kutoka chini, kwa heshima.

Nikiri: Josefina, mke wangu, hajazoea. Mbagala mlango wetu haukufungwa. Huyu kaja kuomba chumvi, yule kaleta umbea. Hapa watu wanatusalimia barabarani, "Amahoro!", wanapita. Wiki mbili zilizopita aliniambia, "Ikifika Pasaka hakuna jirani aliyeingia humu ndani, mimi na wasichana tunarudi Dar. Wewe baki na michikichi yako."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikaamua kualika watu. Nilinunua dumu zima la urwarwa, pombe ya ndizi, sokoni Rumonge, na jana baada ya ibada wakaja kumi na watano. Nilifurahi mno. Nikamimina mwenyewe, nikatoa hotuba ambayo hakuna aliyeiomba, kisha nikakaa na soda yangu, maana nina vidonda vya tumbo.

Hakuna aliyekunywa.

Walishika vikombe, wakazungumzia mvua na bei ya mawese. Nikawahimiza, jamani, karibuni, msione haya. Kadiri nilivyowahimiza ndivyo walivyozidi kuvitazama vile vikombe. Josefina alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulikuwa umeshafunga mizigo.

Ndipo Godeliva, jirani wa bondeni anayeuza mawese, mwanamke asiyeweka neno akiba, akasema kwa sauti, "Baba Neema, hii pombe iko na nini yenye mwenyewe anaiogopa?"

Wakacheka, lakini kicheko kifupi. Nikaanza kueleza habari za tumbo langu na dawa ninazomeza asubuhi na jioni. Heri ningenyamaza. Mtu hanywi pombe yake, halafu anawahubiria wageni habari za dawa!

Josefina akaja. Huyu ni mwanakwaya, sijawahi kumwona akigusa pombe. Akachukua kikombe mkononi mwa Godeliva, akapiga funda mbele ya wote, akakunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini, akamrudishia.

"Yoo! Huyu mama iko mutu wetu!" Godeliva akapokea, akakimaliza. Dumu halikuchukua saa moja.

Godeliva ndiye aliyenifundisha baadaye, huku akinicheka: huku mwenye pombe huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Nimewaita majirani zangu wote nikawaketisha mbele ya kitu walichodhani kitawaua! Baba lazima aliijua desturi hii. Hakunifundisha. Labda kule Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, hakuwa na cha kumimina.

Tulipokuwa tukiosha vikombe nilimuuliza Josefina alijuaje.

"Sikujua. Nilitaka tu waache kukutazama vile."

Nikaendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Leo asubuhi Godeliva ameingia hadi jikoni bila hodi. Nawasikia wananisema, sielewi yote, lakini jina langu nalijua. Mke wangu hajasema tunabaki. Amenitangazia tu kwamba Jumamosi anakwenda kwa Godeliva kukamua mawese, na chakula cha wasichana nitapika mimi. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Habari za Dar nimeamua kutouliza. Hiyo ni busara, au ni woga?

Woga. Na leo umenikaa vizuri.