Mshipa Uliokataa Kuonekana

Mdogo wangu mpendwa, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Huyo mgeni wa tumboni bado anakupiga mateke? Mimi sijambo, ingawa hilo sijambo lina maelezo yake, kwa hiyo kaa kitako usome taratibu. Simu ningepiga, ila nisingemaliza bila kulia.

Wiki iliyopita ile mashine yetu hapa kazini hospitalini, ya kupiga picha za ubongo, iliharibika, fundi akaja. Desturi yetu ni kwamba ikishatengenezwa, mmoja wetu hulala humo ijaribiwe kabla ya wagonjwa. Nikajitolea, maana kichwa kilikuwa kinaniuma siku kadhaa na nilitaka kujinyoosha. Kelele zake nimeshazizoea.

Picha zikatoka na kasoro. Upande wa kushoto, mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka ubongoni haukuonekana kabisa. Tukamrukia fundi, mimi nikiwa mkali kuliko wote. Nikamuuliza hiyo ni kazi gani, mashine inameza mshipa mzima! Maskini akafungua mitambo upya, jasho likimtoka. Tukarudia. Mshipa haupo. Ndipo mwenzangu akasema tujaribu kichwa chake. Chake kikatoka safi, mishipa yote. Fundi akaanza kukusanya bisibisi zake bila kuniangalia.

Damu imeganda ndani ya mshipa wangu, ndiyo maana haukuonekana. Nimelazwa, nachomwa sindano, na daktari anasema nimewahi. Chakula cha hapa ndicho kitakachoniua.

Sasa nisikilize. Vipimo vinaonyesha damu yangu huganda upesi mno, na tatizo hilo, ingawa ni nadra, hurithiwa. Daktari akaniuliza habari za familia. Nikamweleza kwamba mama alilalamika kichwa siku chache baada ya kukuzaa, wakasema ni uchovu, akatutoka. Anaamini ni ugonjwa huuhuu, na kwamba ujauzito na uzazi huuchochea.

Naogopa, sikufichi. Nenda kliniki leo hii, usingoje tarehe yako. Waambie yote, wakupime. Ukiwa na tatizo hilo, zipo sindano za kukulinda mpaka baada ya kujifungua.

Tena uende na shangazi. Miaka yote amekuita mkosi uliomuua mama, nawe ukamwamini, na mimi sikuwa na jibu. Aketi hapo kando yako, daktari amweleze.

Msalimie shemeji. Huyo wa tumboni mwambie mama yake mkubwa anamtaka, na anamtaka akiwa na mama yake.

Ni mimi dada yako,
wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani